MTOTO WA MACHO, MTOTO WA MASIKIO, MTOTO WA MIKONO
Somo kwa walimu na wazazi

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja katika vikao vya walimu: ikiwa wanafunzi hawajifunzi kwa namna moja, mwalimu mmoja mwenye watoto mia mbele yake afanye nini?

Wengi wenu mmepita katika semina. Mmerudi na karatasi inayosema kwamba wanafunzi ni makundi matatu: wanaojifunza kwa macho, wanaojifunza kwa masikio, na wanaojifunza kwa mikono. Karatasi nyingine huongeza kundi la nne, la wanaojifunza kwa kusoma na kuandika. Mnaambiwa mtambue kila mtoto ni wa kundi gani, kisha mumfundishe kwa njia ya kundi lake. Fundisho hili linapendeza, na kwa sehemu limefanya kazi njema, maana limemwamsha mwalimu aliyekuwa akisema peke yake tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho.

Lakini tumeanza kusikia maneno yanayotutia hofu. Baba mmoja anasema: "Huyu wangu ni wa mikono, mwalimu amekwisha kusema. Daftari si lake, bora aende kwa fundi wa baiskeli." Kijana wa miaka 13 aliye P.2 anajisemea mwenyewe kwamba kichwa chake hakikuumbwa kwa kusoma. Mambo yakifika hapo, karatasi ya semina imegeuka kuwa hukumu, na mtoto anahukumiwa kabla hajasikilizwa. Kwa hiyo tulichunguze jambo hili polepole.

Fundisho hili limetoka wapi

Mwaka 1983 mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu kiitwacho Frames of Mind. Alisema akili ya mwanadamu si moja, bali ni za aina mbalimbali. Hapo kwanza alitaja saba, zikiwemo akili ya lugha, ya hesabu, ya muziki na ya mwili. Watu wengi walikichukua kitabu hicho kama kwamba kinasema kila mtoto ana njia yake moja ya kufundishwa. Gardner mwenyewe aliandika mwaka 2013 kwamba hayo ni mambo mawili tofauti na kwamba watu wameyachanganya. Kule New Zealand, Neil Fleming, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, alichapisha pamoja na Colleen Mills mwaka 1992 mpango wa makundi manne: macho, masikio, kusoma na kuandika, na mikono. Karatasi nyingi za semina zetu ni wajukuu wa mpango huo.

Tangu hapo mipango iliongezeka sana. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake huko Uingereza waliihesabu wakapata 71. Sabini na moja! Mwalimu wa P.2 ashike upi, aache upi?

Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, waliuliza swali rahisi ambalo wengi walikuwa hawajaliuliza: je, fundisho hili limepimwa? Kipimo chenyewe kinaeleweka hata na mtu asiye mtaalamu. Chukua watoto wanaoitwa wa macho na watoto wanaoitwa wa masikio. Wagawe wa macho mara mbili bila kuchagua, nusu uwafundishe kwa picha na nusu kwa maneno matupu. Wafanyie wa masikio vilevile. Kisha wape wote mtihani mmoja. Kama fundisho ni la kweli, wa macho waliofundishwa kwa picha wawashinde wa macho waliofundishwa kwa maneno, na kwa wa masikio mambo yawe kinyume. Wataalamu hao walipotafuta tafiti za namna hiyo walikuta ni chache sana, na baadhi ya zilizofanywa vizuri zilipingana na fundisho lenyewe. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwagawa watoto hivyo shuleni.

Mtu atasema, "Lakini mimi najijua, napenda kuona picha." Ni kweli, na hakuna anayekukatalia. Watu hutofautiana katika yale wanayoyapenda. Lakini kupenda ni jambo moja na kujifunza ni jingine. Mtoto hupenda andazi kuliko maharage, na bado ni maharage yanayomjenga.

Somo lenyewe hudai njia yake

Basi, je, tutupe picha, nyimbo na vitendo, turudi kwenye kuongea tu? La. Vitu hivyo vyote ni vya lazima, ila sababu yake ni nyingine. Njia hutokana na kitu kinachofundishwa. Huwezi kufundisha ramani ya Afrika kwa wimbo mtupu, hata kama darasa lote ni "la masikio". Mtoto lazima aone Ziwa Tanganyika limelala upande gani na Kongo imekaa upande gani. Huwezi kufundisha tenzi kwa kuchora ubaoni. Sauti ya kwanza ya neno la Kiingereza kama think hufundishwa kwa sikio na ulimi, mtoto akiitazama midomo yako. Na kupanda maharage kwa mstari hufundishwa shambani, jembe mkononi, kwa wote, hata yule mwenye kupenda vitabu.

Manabii walijua hili. Yeremia alipotaka watu waelewe utumwa wa Babeli alivaa nira shingoni mwake. Ezekieli alichukua tofali akachora juu yake mji wa Yerusalemu uliozingirwa. Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi hakuchukua tofali wala nira. Alichukua hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake, kwa sababu jambo lenyewe lilihitaji mfalme atoe hukumu kwa kinywa chake kabla ya kujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Hatusomi popote kwamba manabii hawa waliwapima wasikilizaji kwanza ili wajue nani ni wa macho na nani ni wa masikio. Walitazama ujumbe.

Tena mara nyingi somo moja hutaka njia mbili kwa pamoja. Unapofundisha sehemu za hesabu, kama nusu na robo, kata chapati mbele ya watoto, taja jina la kila kipande kwa sauti, kisha andika ubaoni. Mtoto yuleyule mmoja anahitaji yote matatu. (Sisi tuliopita katika chuo cha Biblia tunaikumbuka mihadhara ya saa tatu bila kupumzika. Haikumfaa wa macho, wala wa masikio, wala wa mikono.)

Kabla ya kumwita mtoto "wa masikio"

Sasa tuje kwenye tofauti ambazo ni za kweli, na tuanze na macho na masikio yenyewe, yaani yale ya kichwani.

Yuko mtoto anayejibu vizuri ukimwuliza kwa mdomo, lakini daftari lake ni tupu au limejaa makosa ya kunakili. Haraka tunasema: huyu ni wa masikio. Mwalimu, umewahi kumpima kama anauona ubao? Mtoto asiyeona mbali tangu azaliwe hajui kwamba wengine wanaona zaidi yake. Yeye hudhani ubao ni wingu kwa kila mtu. Hukunja uso, hukaribia daftari la mwenzake, hunakili kutoka hapo, na kisha anachapwa kwa kuibia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Chora kwa mkaa juu ya katoni herufi E yenye urefu wa karibu sentimita 2. Msimamishe mtoto mita 6 mahali penye mwanga. Mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha geuza katoni, miguu ya E itazame juu, chini, kushoto au kulia, naye aonyeshe kwa mkono inatazama wapi. Fanya jicho la pili vilevile. Akikosea mara nyingi, mhamishe aketi mbele siku hiyohiyo, na umwambie mzazi ampeleke kituo cha afya akaulize siku ya daktari wa macho. Hatusemi kwamba mwalimu amekuwa daktari. Tunasema ameona dalili.

Na masikio vilevile. Mtoto anayetazama wenzake kwanza ndipo afungue kitabu, anayejibu swali ambalo hukumwuliza, anayependa kazi za mikono kwa sababu huko haambiwi maneno mengi, huenda hasikii vizuri. Wengine wametokwa usaha sikioni tangu utoto, na nyumbani watu wamezoea wakidhani utaisha wenyewe. Wengine waliugua homa ya uti wa mgongo. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako, na umnong'oneze maneno ya kawaida: maji, kuku, barabara. Ayarudie. Jaribu sikio moja moja, lile lingine likiwa limezibwa kwa kidole. Sikio linalotoka usaha lisitiwe mafuta wala majani, lipelekwe kituo cha afya. Na mtoto mwenye sikio moja zima aketi mahali ambapo sikio hilo linamwelekea mwalimu. Jambo dogo kama hilo la kubadili kiti limeshinda semina nyingi.

Mtoto anayejua, lakini haonekani kujua

Tofauti kubwa kuliko zote hapa kwetu ni lugha, nayo tunataka kukaa juu yake.

Mtoto aliyetoka Kivu alianza shule kwa Kiswahili, kisha akaingizwa katika Kifaransa. Alikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, anajua kugawanya, anajua kusoma habari na kuieleza. Anafika Uganda. Mtaala wa hapa tangu 2007 unataka P.1 mpaka P.3 zifundishwe kwa lugha ya mahali pale inapowezekana, P.4 iwe mwaka wa kuvuka, na kuanzia P.5 masomo yawe ya Kiingereza. Lugha ya mahali kwa sehemu moja ni Kinyankole, kwa nyingine Kinyoro. Kwa hiyo mtoto wetu hana hata moja kati ya hizo mbili. Anawekwa P.2, anaketi na watoto wa miaka saba, magoti yake hayaingii chini ya dawati. Anaulizwa swali kwa Kiingereza, ananyamaza. Mwalimu, ambaye naye ana watoto wengi na hajui Kiswahili cha kutosha, anaandika kwamba ni mzito. Ukimya wa mtoto huyu hautokani na namna yake ya kujifunza. Ni mlango uliofungwa, na yeye yuko nje pamoja na yote anayoyajua.

Angalieni hesabu, ambayo watu husema haina lugha. Tuchukue 96 gawanya kwa 4. Mtoto wa Kongo huandika 96, huchora mstari wa kusimama kulia kwake, huweka 4 upande wa kulia wa mstari, na jibu, 24, huliandika chini ya ile 4. Mtoto wa Uganda huanza na 4 upande wa kushoto, huifunika 96 kwa kibanda, na jibu hulipanda juu ya kibanda. Hesabu ni ileile, jibu ni lilelile. Mwalimu asiyejua haya akiona 4 iko upande usio wake atatia msalaba mwekundu bila kufika kwenye jibu.

Kuna na koma. Kwa mtoto aliyesoma kwa Kifaransa, koma hutenga sehemu za desimali. Mbili na nusu huandikwa 2,5. Hapa mbili na nusu ni 2.5 kwa nukta, na koma hutenga maelfu. Mwandikie ubaoni shilingi 2,500, naye anaweza kusoma mbili na nusu. Anashangaa shilingi mbili na nusu zitanunua nini, na wewe unashangaa mtoto mkubwa hivi asiyejua elfu. Namba 1 yake ina mkono mrefu wa kupanda, nayo hapa husomwa 7. Namba 7 yake ina mstari katikati, nayo hudhaniwa ameikata kwa kukosea. Na saa! Aliyezoea kusema saa moja ya asubuhi, ukimwuliza kwa Kiingereza mshale mfupi ukiwa kwenye 7, atakujibu one, kwa sababu ametafsiri neno kwa neno kutoka kinywani mwa mama yake. Saa anaijua kabisa.

Tumeyataja haya kwa urefu ili walimu wenyeji wanaosoma jarida hili pamoja nasi wayaone, na walimu wakimbizi wanaosaidia madarasani wajue kwamba hapa ndipo msaada wao unapohitajika kuliko mahali pengine. Mtoto akifika mpya, mpe hesabu kumi azifanye kwa namna ya kwao, na umwombe mtu anayejua Kiswahili au Kifaransa amwulize amefikaje kwenye jibu. Mpe habari fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti na kuieleza. Nusu saa inatosha. Baada ya hapo utajua kama kinachomkosa ni Kiingereza peke yake, au kuna miaka ya shule iliyopotea njiani. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani. Asiye na Kiingereza anahitaji Kiingereza. Aliyekaa miaka miwili bila shule anahitaji kurudishiwa yale yaliyoruka, hata kama anasema Kiingereza kizuri cha sokoni.

Katika Nehemia sura ya 8 mnakuta darasa la watu waliorudi kutoka uhamishoni. Wanaume, wanawake na wote waliokuwa na uwezo wa kuelewa walisimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, Ezra akisoma torati, na Walawi wakapita kati yao kuwaeleza maana. Wafafanuzi wengi huona kwamba kulikuwa na kutafsiri pia, maana waliorudi walikuwa wamezoea Kiaramu. Hawakuambiwa wasubiri mpaka wajue lugha ya kitabu.

Katika darasa la kawaida mwalimu anaweza kuiga jambo hilo kwa dakika mbili. Akishaeleza, aseme: "Mwambie jirani yako kwa lugha mliyo nayo, nimesema nini?" Darasa litapiga kelele kidogo kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe na Kifulero. Mkuu wa shule akipita na kuuliza kelele ni za nini, mwambieni ni za watu wanaoelewa. Kisha maneno ya Kiingereza yanarudi ubaoni, na sasa yana kitu cha kushika.

Kuna tofauti nyingine ambazo mnazijua kuliko sisi. Msichana aliyeamka saa kumi kufuata maji husinzia saa nne. Mtoto ambaye hajala hasikii. Mtoto aliyeona mambo mabaya njiani anaweza kushtuka mlango ukipigwa na upepo, na somo lote likampita. Msimlazimishe huyo asimulie yaliyompata mbele ya wenzake, hata kwa kisingizio cha zoezi la kuandika insha.

Funga daftari, sema unachokumbuka

Lipo jambo moja ambalo limepimwa na likaonekana kuwafaa wanafunzi wengi, wa kila namna. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha mji wa St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja liliisoma tena. Kundi la pili lilifunga karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza kidogo. Lakini baada ya juma moja, waliosoma tena walikumbuka karibu sehemu 42 kwa 100, na waliojikumbusha bila kutazama walikumbuka 56. Maana yake ni kwamba kulitafuta neno kichwani ndiko kunakoliimarisha. Zaidi ya miaka mia moja kabla yao, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi siku moja.

Njia hii ni njema kwetu kwa sababu haihitaji mashine wala umeme. Fundisha Jumatatu. Jumatano, kabla ya somo jipya, sema: fungeni madaftari. Uliza maswali matatu ya Jumatatu. Juma lijalo uliza mawili kati ya hayo tena.

Lakini msiulize kwa pamoja. Mwajua desturi yetu: "Tuko pamoja?" "Ndiyooo!" Sauti ile ni tamu masikioni mwa mwalimu, nayo huwaficha watoto arobaini wasioelewa. Hata katika Shule ya Jumapili mtoto hubebwa na sauti za wenzake mpaka mwisho wa mstari wa kukumbuka, na ukimsimamisha peke yake hana hata neno la pili. Kwa darasa kubwa, andika majibu manne ubaoni, yape namba, na kila mtoto aweke vidole kifuani, kimoja mpaka vinne, jirani asivione. Unatazama mara moja tu, unajua. Wadogo waandike mchangani kwa kijiti. Kwa kuhesabu, vifuniko vya soda na punje za mahindi vinatosha, ila kwa juma la tatu au la nne viondoeni, mtoto ahesabu bila hivyo. Visije vikawa magongo kwa mtu mwenye miguu mizima.

Darasa la watu wazima linatufundisha jambo jingine. Kuna mama ambaye hajui kusoma hata jina lake, lakini anatunza likelemba ya wanawake ishirini kichwani mwake: nani amepokea, nani anadaiwa, kiasi gani, tangu mwezi gani. Akifundishwa a, e, i, o, u juma zima, ataacha kuja. Aanze na jina lake kwenye kadi ya chakula, kisha majina ya wenzake wa likelemba, kisha tarakimu anazozijua tayari kwa hesabu. Watu wanaweza kumwita wa mikono kwa sababu hana kalamu. Sisi tunaona tu mtu ambaye tayari ana mahali pa kutundika somo jipya, kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Neno kwa wazazi wa watoto walioshushwa madarasa

Baba, mama, mtoto wako wa miaka 13 akiwa P.2, usikubali aelezwe kwa neno moja, wala la sifa wala la aibu. Nenda shuleni ukaulize mambo mawili: anajua nini kwa lugha yake, na Kiingereza chake kimeendelea kiasi gani tangu muhula uliopita? Kama mwalimu hajui jibu la kwanza, omba ule mtihani mfupi tuliousema, nawe peleka daftari la zamani la Kongo kama lilivuka mpaka pamoja nanyi. Katika baadhi ya makazi ya Uganda yapo masomo ya mwendo wa haraka kwa vijana waliopitwa na umri, yanayobana miaka saba ya msingi katika hatua tatu, mpaka mtihani wa P.7. Kwa kuwa hutegemea fedha za wafadhili, huanza mahali fulani na kufungwa mahali pengine. Ulizeni kwanza kama yapo kwenu na kama yanapokea wapya.

Kwa binti jambo hili ni la haraka zaidi. Binti mkubwa aliyekaa nyuma ya darasa la watoto wadogo, akiona haya, huacha shule kabla ya kaka yake, na akiacha haachwi muda mrefu bila wachumba kuanza kuja. Tumeona mahari ikizungumzwa kwa ajili ya msichana ambaye shida yake yote ilikuwa koma na nukta.

Ufundi wa baiskeli, ushonaji na useremala ni kazi za heshima, na Bwana wetu alikulia katika nyumba ya seremala. Mtoto akiuchagua ufundi huku anajua kusoma na kupima, huyo atakuwa fundi. Anayesukumwa huko kwa sababu alionekana hana kichwa, atampa mteja bei isiyo sahihi maisha yake yote.

Kwa kikao kijacho cha walimu, kila mmoja achague mtoto mmoja tu katika darasa lake, yule anayemwona mzito kuliko wote. Ampime macho kwa herufi E na masikio kwa kunong'ona. Ampe hesabu kumi kwa namna ya kwao na habari fupi kwa lugha yake. Aandike alichokiona katika nusu ukurasa, bila kuandika jina la mtoto, na aje nayo. Katoni na mkaa vitapatikana kwa mzee wa kanisa anayetunza ufunguo wa stoo.